Kamba ya Milembe

Jua lina mwenyewe, kamba ishike wewe.

Shangazi yenu ameisema methali hiyo asubuhi hii, Minza alipotoka nje kwa mara nyingine kutazama mawingu na kuuliza kama mvua itanyesha siku ya harusi. Mkacheka, kisha mkauliza ni jua gani na ni kamba gani. Swali zuri. Endeleeni kuchambua huo mchicha, masikio hayahitaji mikono. Maneno hayo yalitoka kisimani, na yalitoka hivi.

Mwaka mmoja wa ukame, visima vya kijiji cha Igunda vilikauka vyote. Aliyejua kuchimba alikuwa Luhende, mwana wa Bibi Holo. Mkewe, Milembe, alikuwa ameolewa kutoka kwa wafugaji, na pale Igunda bado walimwona mgeni. Alitembea kama anayeswaga ng'ombe, na akiulizwa jambo alijibu lilivyo.

Kila asubuhi Luhende alishushwa shimoni kwa kamba ya katani iliyopita juu ya gogo mdomoni mwa kisima. Wanaume wanne waliishika kamba hiyo kwa mikono na vifua, wa mbele akiwa Maduhu, mdogo wake Luhende. Ndivyo walivyofanya baba zao, na hakuna aliyewahi kufikiri kuna njia nyingine.

Siku hiyo Milembe alifika na kibuyu cha uji wa mumewe akakuta vigelegele. Sururu ilikuwa imetoboa mwamba, maji yanabubujika, na Luhende anavutwa juu kabla hayajamfunika. Alikuwa amefika katikati ya shimo mwanga ulipobadilika.

Halikuwa wingu. Mwanga ulikonda ukawa wa rangi ya majivu. Kuku wakaanza kurudi bandani. Chini ya miti, vile vidoa vya jua vinavyopenya kwenye majani viligeuka vyembamba, vimepinda kama kucha zilizokatwa.

Ninyi mmefundishwa shuleni kwamba mwezi hupita kati ya dunia na jua, kivuli chake kikatuangukia, kisha ukaenda zake. Watu wa Igunda hawakufundishwa hivyo. Wao walijua kwamba jua limekamatwa, na kwamba haliachiwi mpaka kila mkono kijijini upige kitu cha kelele, iwe sufuria, debe au jembe. Mkono mmoja ukikaa kimya jua halirudi, na mwenye mkono huo ndiye atakayelaumiwa na wote.

Ngoma ya mzee wa kijiji ikalia. Wanaume wakatazamana.

"Tumrudishe chini," akasema mmoja. "Tukapige, halafu tuje tumvute."

"Chini kuna maji," akasema Milembe.

"Ni machache."

"Umeyapima?"

"Shemeji," akasema Maduhu, "jua likizima, hata tukimtoa, utampeleka wapi?"

 Hata kwao Milembe jua lilipigiwa madebe. Lakini macho yake yaliangukia mkia wa kamba, uliolala mavumbini nyuma ya wale wanaume, na karibu yake kisiki cha mninga. Kwao fahali hashikwi kwa kifua. Unazungusha kamba kwenye nguzo, na nguzo inamshika kwa niaba yako.

Akatupa kibuyu. Akaokota mkia wa kamba, akauzungusha kwenye kisiki, akaurudia, akaurudia tena, akauvuta ukakaza.

"Legezeni polepole," akasema. "Kisha nendeni mkapige."

Wawili hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Maduhu na mwenzake walilegeza kidogo kidogo, na kamba ikalia kwenye kisiki, ikateleza, ikauma, ikatulia. Milembe akashangaa. Mzigo wa mwanamume mzima, na mikononi mwake ulikuwa kama ndoo ya maji. Ninyi mnauita msuguano. Yeye aliushukuru bila kuujua jina.

Maduhu aliondoka wa mwisho, akigeuka nyuma kila hatua.

"Mbona mmesimama?" sauti ikatoka shimoni. "Nani ameshika?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Na kisiki."

Kamba ikatikisika.

"Kisiki kipi?"

"Luhende, tulia. Usijitikise."

Jua likazima kabisa. Nyota zikaonekana mchana. Kijiji kizima kilikuwa kelele tupu, na katika giza hilo akaja Bibi Holo na sufuria mbili.

"Mkamwana, watu wote wanapiga. Mikono yako iko wapi?"

"Kwa mwanao, mama."

"Jua likipotea watasema ni wewe."

"Waseme. Jua lina mwenyewe, mama. Kamba hii haina mtu mwingine, naishika mimi."

Bibi Holo akapapasa kamba kutoka kwenye kisiki mpaka mdomoni mwa kisima. Ilikuwa imekaza kama uzi wa zeze. Akainama.

"Luhende?"

"Naam, mama."

 Mama mtu akarudi, akaketi nyuma ya Milembe, akaufunga mkia wa kamba kiunoni mwake mwenyewe. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa Igunda, akagonga sufuria zake polepole, pasije pakawa na lawama.

Giza halikudumu. Ukingo wa jua ukachomoza kama kaa la moto, na majogoo wakawika asubuhi ya pili ya siku hiyo. Wanaume wakarudi mbio, Maduhu mbele, wakavuta bila kutazamana usoni. Luhende akatoka ametapakaa tope, akakaa chini akaomba uji.

"Nimeumwaga," akasema Milembe.

Luhende akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Milembe akaketi naye mavumbini akicheka na kulia. Maduhu alishusha kamba tupu shimoni. Ilirudi imelowa kupita kimo cha mtu. Aliishika vile vile, ikidondoka maji, mpaka kaka yake akamwambia aiweke.

Jioni, wakati wa kuteka maji mapya, watu walijisifu jinsi walivyoliokoa jua. Bibi Holo aliwaacha wamalize, akajitwika mtungi wake.

"Jua lina mwenyewe," akawaambia. "Ninyi ulizeni nani alishika kamba."

Tangu hapo hakuna mwana wa Igunda aliyeshushwa kisimani bila kisiki, na maneno ya mkwe na mkamwana yakaungana yakawa methali.

Kwa hiyo, Minza, mawingu umeyaona, yako pale pale. Gauni la harusi bado halijashonwa mikono, na cherehani iko ndani. Jua lina mwenyewe, kamba ishike wewe.