Jiwe la Mistari Kumi na Miwili

Wa kwanza kumletea Nyamizi habari hiyo alikuwa Kabula, mfua jezi wa timu.

"Shoga, umesikia? Wanachonga jiwe pale langoni mwa uwanja. Timu bora kuliko zote tangu wanawake waanze kulipwa kucheza mpira wa kikapu. Zimebaki mbili tu: nyie Tai, na wale Radi."

Kila timu ilikuwa na vikombe vitano. Mwamuzi mstaafu, Bibi Eufrazia, ndiye aliyepewa kazi ya kuchagua, na majina ya wachezaji wa timu bora yangechongwa kwenye jiwe.

Nyamizi alilitaka jina lake pale kuliko alivyothubutu kusema. Miaka sita alikuwa Tai, na dakika alizocheza kwenye mechi zilihesabika kwa vidole. Kazi yake ilikuwa nyingine. Kabla ya kila mechi alimsoma mchezaji hatari wa timu pinzani: anavyodunda mpira, bega analotanguliza, anakotazama kabla ya kurusha. Kisha mazoezini alicheza kama yeye, dhidi ya wenzake, mpaka wakajua kumzuia. Wenzake walimwita Adui.

Nyumbani mama mkwe wake alikuwa na utani wake. "Mwanangu kaoa mchezaji ambaye siku ya mechi fulana yake hurudi kavu kama ilivyoondoka."

Nahodha Tausi ndiye aliyeandika orodha ya Tai. Wachezaji walikuwa kumi na watatu, na jiwe lilichorwa mistari kumi na miwili.

"Usinune, Adui," alisema. "Tumeandika waliocheza."

"Sijanuna, dada," Nyamizi alijibu, akainama kufunga kamba za viatu vilivyokwisha kufungwa.

Siku ya uamuzi timu zote mbili ziliketi mbele ya Bibi Eufrazia. Vikombe hakuvitazama. Alimgeukia nahodha wa Radi, Mwanaisha.

"Mara tatu Tai wamewafunga kwenye fainali. Nani aliyewashinda?"

Tausi alijiweka sawa kwenye kiti.

"Si Tausi," alisema Mwanaisha. "Tausi tulimweza."

Radi wakacheka.

"Kilichotushinda ni kwamba walitujua, Bibi. Nikitaka kwenda kushoto, mtu keshafika kushoto. Nikidanganya kwa bega, hadanganyiki mtu. Kule kwao kuna mwanamke aliyekuwa mimi kabla mimi sijafika uwanjani. Huyo ndiye aliyetushinda, na jina lake silijui."

"Ni nani huyo?" Bibi aliwauliza Tai.

Walitazamana. "Ni Nyamizi," Tausi alisema taratibu.

"Yupo mstari wa ngapi?"

"Hayumo, Bibi."

Bibi Eufrazia aliikunja karatasi ya orodha ya Tai mara mbili.

"Timu iliyowafunga Radi ndiyo bora. Lakini timu iliyo kwenye karatasi hii haijawahi kumfunga mtu. Nyamizi, andika wewe. Unayemtaka mweke, usiyemtaka mwache. Kesho asubuhi orodha iwe mkononi mwa fundi, ama sivyo jiwe ni la Radi."

Nje ya ukumbi Tausi alimfuata, macho chini. "Nilichokutendea nakijua. Ukinifuta, sitasema neno."

Nyamizi alikwenda kutafuta kalamu.

Asubuhi iliyofuata alimkuta fundi ananoa patasi. Fundi aliisoma orodha kwa ncha ya kidole: Tausi wa kwanza, Nyamizi wa mwisho.

"Dada, haya majina ni kumi na matatu. Hayataenea."

"Yataenea," alisema Nyamizi. "Punguza ukubwa wa herufi."

Akamshikia rula mpaka mistari yote ikachorwa upya.

Funzo: Jiwe halikosi nafasi ya kila aliyefanya kazi, nafasi hukosekana pale tunapotaka majina yetu yaandikwe kwa herufi kubwa.