Kamba ya Mafundo Kichuguuni kwa Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika, wakioana na kugombana kama sisi, Digidigi alisimama katikati ya mkutano wa nyika akauliza: "Sawa, dawa ni yetu sote. Na nyumba itakamokaa, ni ya nani?"

Tembo alikuwa anapiga miayo. Nyati alikuwa keshapanga foleni ya uji.

Basi sikilizeni, wadogo zangu, mwone jinsi bakuli la uji linavyoweza kuwafunga wakubwa midomo.

Nyika ile ilikuwa na homa ya kupe. Ikimshika mtoto, siku ya nne hayupo. Lakini kwa miaka mingi wanyama walikuwa wamechanga akili zao wakapata dawa. Tembo alileta gome. Nyati akaleta mzizi mchungu. Nyumbu akagundua kwamba mzizi ule ukizidi, unaua. Kila aliyeongeza jambo alilifungia fundo lake kwenye kamba ya kumbukumbu, isomwayo fundo kwa fundo, na kila kaya ilikuwa na kamba yake. Fundo jipya likifungwa huku, jirani anakuja kulinakili.

Na sheria yake! Waliibishania siku tatu nzima katika mkutano ule.

"Dawa hii ni ya wote."

"Wote mpaka Fisi?"

"Mpaka Fisi!"

"Hata anavyonuka vile?"

"Anuke, lakini anywe!"

Wakaapa kwamba hakuna atakayeimiliki daima. Sheria nzuri, wala simcheki mtu. Ila dawa ilipewa siku tatu, na nyumba haikupewa hata dakika moja.

Maana mkutano ule uliitwa na Nguchiro, yule mdogo, mwepesi, macho mekundu.

"Shikamooni, wakubwa zangu! Kwa nini kila kaya ihangaike na kamba? Mara mvua, mara panya. Mimi nina kichuguu kikavu, hakivuji hata tone. Tundikeni moja tu kwangu. Anayetaka kusomewa aje dirishani. Mwenye fundo jipya anipe nimfungie. Bure! Na uji juu yake."

"Na wewe unapata nini?" Digidigi akauliza.

"Nawapenda tu, dada'angu."

Nyumbu akamvuta pembeni. "Mwache, shoga. Wewe kila kitu unakitilia shaka. Kamba si bado ni ya wote?"

Ikaingia kichuguuni. Msimu wa kwanza uji ulikuwa mzito. Msimu wa pili, kamba za nyumbani zikaoza. Msimu wa tatu, watoto hawakujua tena kusoma fundo. Wajifunze ya nini, na dirisha lipo? Hata Digidigi, pamoja na maneno yake yote, kamba yake aliifungia kuni. Alichoka kubisha peke yake.

Kisha ikaja mvua, na kupe wengi kama mchanga. Asubuhi moja Zena, binti wa Digidigi, akaamka anatetemeka, masikio yanaunguza. Digidigi akatoka mbio, ti-ti-ti-ti, mpaka kichuguuni. Lo! Mlango umezibwa kwa mawe. Dirisha limebaki tundu la kupitisha pua.

"Hodi! Nguchiro, hodi! Mtoto ana homa, nisomee!"

"Masharti yamebadilika," sauti ikatoka ndani.

"Masharti gani? Dawa ni ya wote!"

"Nani kakataa? Kamba yenu. Kichuguu changu."

Wengine wakafika, kila mmoja na mgonjwa wake. Tembo akainua mguu. "Toka, kijitu wewe, kabla sijakusaga unga!"

"Kanyaga, Mzee. Kamba ninayo menoni." Kruk, kruk! Wote walisikia nyuzi zikisagika. "Ukigusa ukuta, nakata. Halafu mkauulize udongo."

Mguu wa Tembo ukaning'inia hewani, kisha ukashuka polepole.

"Tupike kwa kukumbuka," akasema Nyumbu. "Mzizi ule si niliupima mimi? Vipande viwili. Au vitatu."

"Viwili au vitatu, shoga?"

"Vitatu. Ndiyo, vitatu."

Akapika, akamnywesha ndama wake. Jua lilipofika utosini, ndama alikuwa amelala ubavu, macho wazi. Nyumbu alikuwa anamlamba tu, anamlamba, "Amka basi. Amka unyonye."

Baada ya hapo hakuna aliyetaja tena kukumbuka.

Siku ya tatu ya homa ya Zena, Digidigi akarudi dirishani, na wenzake nyuma yake. "Haya. Yaseme hayo masharti."

"Itaitwa Dawa ya Nguchiro. Fundo jipya mtaniletea mimi, si jirani. Na nitakayemkataa, hakuna wa kumpa dawa."

"Utamkataa nani?"

"Kwa kuanzia, Fisi."

"Amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Kwa kuanzia tu." Akacheka, kwi-kwi-kwi. "Na usidhani ukisomewa leo umemalizana nami. Homa hii hurudi baada ya mwezi, na dawa yake ya pili ni mafundo mengine. Utasomewa ukiwa umetii."

Nyati alitazama kwato zake. Tembo alitazama mawingu. Digidigi alikuwa na hotuba nzima kooni, tena hotuba kali, lakini nyumbani kulikuwa na mtoto asiyefumbua macho.

Akapiga goti. "Naapa."

Vipande viwili. Chemsha mpaka povu liishe, ndivyo Nguchiro alivyomsomea.

Zena alikunywa, akapona. Watoto wa Fisi walikuwa wanne, wadogo kama Zena, nao homa iliwashika wote. Mama yao alikuja mpaka mlangoni kwa Digidigi.

"Jirani, niambie kipimo tu. Nitapika mwenyewe."

Digidigi alikijua. Alimtazama Zena aliyekuwa anacheza uani, akahesabu siku zilizobaki kabla ya mwezi kuisha, akafunga mlango.

Hakubaki hata mmoja kati ya wale wanne.

Kitu cha wote kikihifadhiwa nyumbani kwa mmoja tu, huyo mmoja ndiye mwenyewe.

Wadogo zangu, nawaombeni: mnachokijua kwa pamoja, kila mmoja wenu abaki na nakala yake nyumbani, na ajifunze kuisoma.