Ufunguo wa Gari la Elinami

Sikieni, wakubwa kwa wadogo, na mkimaliza kusikia msinyamaze, maana kesi hii imewashinda wenyewe.

Katika gereji moja ya Same walikuwapo mafundi watatu. Kirundwa aliijua injini kwa kuisikiliza tu. Mbonea alichomelea chuma hadi usione kilipoungwa. Namsifu, fundi umeme, aliweza kufuata waya mmoja asubuhi nzima, akihofia kuukosea.

Kaka yake Namsifu, Elinami, alikuwa na gari dogo la mashindano, yale ya mita mia nne za kunyooka. Injini ilipasuka mwaka uleule figo zake zilipogoma.

"Nataka kukimbia mara moja tu," alisema. "Msinizike na hamu yangu."

Injini ya aina ile haikupatikana. Kirundwa akaingia chini ya pikapu yake, ya kampuni nyingine kabisa, aliyobebea vitunguu vya watu hadi sokoni, akaing'oa injini kubwa ya silinda sita. Pikapu akaiacha juu ya mawe.

Wakapima nafasi ya injini kwa shubiri, kama walivyozoea. Kirundwa alisema tano. Mbonea akakata tano zake, na injini ikagoma kuingia.

"Una kiganja cha kichanga wewe!" Kirundwa alimcheka.

Mbonea akalala chini ya gari, akakata upya, akaunda vishikizo vipya. Cheche moja ikamla jicho la kushoto. Kirundwa hakucheka tena.

Injini ikakaa, lakini haikuwaka. Kompyuta yake haikulijua gari lile. Namsifu akaikataa kazi ya mjini Moshi aliyoisubiri miaka miwili, akaunganisha waya mia moja na kumi na nne. Siku ya kumi na tisa ikanguruma.

Gereji ile ina desturi: gari lililokufa likifufuka, mwenyewe humvika ufunguo shingoni fundi aliyelifufua, auvae hadi jioni. Lakini Elinami alikuwa na haraka.

"Nikirudi, dada, nitamvika anayestahili."

Akakimbia, akashinda. Kutoka kwenye usukani wakampeleka hospitali moja kwa moja, na siku ya tisa akafa.

Baada ya matanga, mama yake alifika gereji na ufunguo.

"Mwenyewe haji tena kuuchukua. Nitakayemvika, gari ni lake. Semeni."

"Mimi nitairudisha injini kwenye pikapu," Kirundwa alisema, macho chini. "Watoto wanalala njaa, mama."

"Ukiing'oa, unamzika mara ya pili!" Mbonea alisema. "Nivike mimi, mama. Nitalikimbiza kwa jicho hili moja."

"Na wewe, mwanangu?"

Namsifu alitazama kiti cha dereva. Kilikuwa bado pale kaka yake alipokisogeza, karibu mno na usukani, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imeishiwa nguvu.

"Mimi nataka kiti kile kisiguswe."

Mama aliinua ufunguo. Mkono ukabaki hewani.

Haya, wasikilizaji. Kama mkono ule ungekuwa wako, ungemvika nani?