Mji Ulioilaumu Jumanne

Mtu mmoja alikuwa na ufunguo wa lango la mji. Aliitwa Mshamu, na mji wake ulikuwa wa zama za kuta na mikuki, wenye lango moja tu upande wa bara. Alikuwa mpole, na hakuna aliyewahi kumsikia akigombana. Mkewe aliitwa Mize. Mtoto wao wa pekee, Vuai, alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuoa, na kazi yake ilikuwa kumbebea ngao Ngwali, mwana mkubwa wa mfalme.

Mfalme alipohisi kwamba haponi, aliwaita wakuu saba wa mji akawaapisha kwa msahafu kwamba baada yake watampokea Ngwali. Wakaapa. Mshamu akaapa pamoja nao, kwa kuwa mwenye lango alihesabiwa kuwa wa nane. Wakati huo Ngwali alikuwa bara, amekwenda kupatanisha vijiji viwili vilivyogombania kisima. Baba yake akafa, akazikwa kabla hajarudi.

Silima, mwana mdogo, alikuwa mjini. Hakuwatisha wale wakuu, wala hakuwahonga. Aliwapitia nyumba kwa nyumba akawaomba jambo dogo tu: kwamba Jumanne, kaka yake atakapofika, lango lisifunguliwe mpaka wao wawili wazungumze. Wakuu wakaona kwamba hilo si kuvunja kiapo, ni kuchelewesha. Wakamwagiza Mshamu asifungue. Mshamu naye akaona kwamba watu saba wakishaamua, yeye hana tena la kuamua.

Jumanne ikafika. Baada ya adhuhuri Ngwali akatokea na watu mia tatu. Walikuwa wameielekeza mikuki chini kwa ajili ya msiba, na wengine walikuwa wakilia. Wakapiga hodi, wakangoja. Ndipo askari wa Silima walipotoka katika mashamba ya mtama kandokando ya njia, wakawabana ukutani.

Mji mzima ulisikia. Watu walikuwa wamejaa juu ya mapaa. Kila nyumba ilikuwa na kamba ya kisimani, na hakuna aliyeteremsha hata moja ukutani. Wale wakuu saba walikaa barazani kwa mmoja wao, wakiambiana kwamba ndugu wakigombana, mtu wa nje hana la kufanya. Mshamu alisimama nyuma ya lango, ufunguo mkononi. Mbao zilikuwa zikitikisika kwa viganja vya watu. Kisha akasikia sauti anayoijua, karibu kabisa, penye ufa wa mbao.

"Baba, ni mimi. Fungua."

Mshamu hakufungua. Sauti ile ikamwita tena, mara tatu, bila kupanda, kama ya mtu anayedhani kwamba hajasikika. Halafu ikanyamaza.

Jua lilipokaribia kuzama, Silima akatuma neno kwamba sasa wafungue. Lango lile lilifunguka kwa nje, na halikukubali, kwa sababu ya waliolala upande wa pili. Ikabidi watu kumi walisukume kwa mabega. Mize alikuwa mmoja wao. Hakujua anamsukuma nani.

Kwa siku nyingi hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake usoni. Kisha mtu mmoja sokoni akasema kwamba ile ilikuwa siku ya nuhusi. Watu wakamwendea mnajimu, naye akawafunulia vitabu na kuwaambia kwamba nyota ya Jumanne ni Mirihi, nyota ya damu. Mji ukapumua. Silima, ambaye sasa alikuwa mfalme, akatuma mpiga mbiu atangaze kwamba kuanzia hapo mtu asioe Jumanne, asisafiri, asipande mbegu. Hakuna amri yake iliyopokelewa kwa moyo mweupe kama hiyo. Wale wakuu saba ndio waliokuwa wa kwanza kufunga milango yao. Mshamu naye kila Jumanne alijifungia ndani, akamsimulia mkewe jinsi siku ile mbaya ilivyowanyang'anya mtoto.

Mize alinyamaza miaka mitatu. Jumanne moja alikuwa akitwanga mtama uani, Mshamu akatoka akamsihi aache, asije akawaletea mkosi mwingine. Mize akauegemeza mchi ukutani, akamtazama.

"Baba Vuai," akasema, "Jumanne haina mikono. Ufunguo ulikuwa kwako."

Mshamu akaketi pale pale chini, wala hakuinuka mpaka alasiri. Ijumaa iliyofuata alisimama msikitini baada ya sala. Maneno yake yalikuwa machache. Aliwaambia kwamba alimsikia mwanawe akimwita kwa jina la baba mara nne, naye akanyamaza. Na kwamba wale saba walisikia, na waliokuwa juu ya mapaa walisikia.

Alitarajia wampige. Hakuna aliyenyanyua mkono. Walimtazama kwa huruma. Mkubwa wa wale saba akamshika bega, akasema kwa upole kwamba bila shaka Mshamu alizaliwa Jumanne. Watu wakaitikia kwa vichwa, wakashusha pumzi, kana kwamba ugonjwa umepata jina.

Wakakubaliana kwamba mtu wa nuhusi asikae mjini. Hata hivyo hawakumtoa upesi. Waliiacha Jumanne ipite kwanza, kazi yao isije ikaingia mkosi. Jumatano asubuhi wakamtoa yeye na mkewe, wakafunga lango nyuma yao. Wawili hao wakajenga kibanda kando ya makaburi ya wale mia tatu, wakalima, wakapanda siku yoyote mvua iliponyesha, na mtama wao ukaota kama wa watu wengine.

Ndugu zangu, mji ule ulijua vizuri kuiogopa siku. Je, baada ya Mshamu kutolewa, alibaki ndani yake hata mmoja aliyejua kujiogopa mwenyewe?