Zimwi Aliyekula Vicheko

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa tena, maana huyo aliyejilaza kule nyuma hakuitika.

Pakawa!

Haya. Palikuwa na kijiji, palikuwa na mto, na mtoni palikuwa na zimwi. Mazimwi wengi hula watu, hilo mnalijua. Huyu alianza mbali. Alikula kicheko cha mtu, kisha wimbo wake, kisha mtu mwenyewe.

Na ninyi wavulana mnaotaka kuinuka, eti ngano hii ni ya wasichana, kaeni. Hakuna kati yenu aliyezaliwa na baba.

Basi, kijijini hapo alikuwapo mwanamke jina lake Siwema. Siwema alikuwa hacheki. Harusini hacheki, ngomani hacheki, mbuzi akiingia msikitini hacheki. Watu wakasema ana maringo. Alikuwa na mabinti wawili, Mboni na mdogo wake Chiku. Mboni hakumfuata mama yake hata kidogo. Akitwanga aliimba, akichota maji alicheka.

Desturi ya hapo ilikuwa hivi: mambo ya utu uzima mama hamwambii mwanawe, ni aibu. Kila msichana alichaguliwa somo, mwanamke wa nje, amfunde. Somo wa Mboni alikuwa jirani yao, Bi Mwaka. Lakini Siwema na Bi Mwaka walikuwa hawasemezani. Siwema aliazima kinu kwa Bi Mwaka, kikarudi na ufa. Mmoja akasema umekipasua, mwingine akasema ulinipa kimepasuka. Kwa ajili ya kinu, watoto wangu, kipande cha mti, msichana akakosa wa kumfunda.

Siku moja Mboni alikwenda mtoni kufua. Tumbo likamkata chini ya kitovu. Akatazama kanga yake, akaona damu. Akajitafuta jeraha, hakuona. Hofu ikamshika, akaingia majini kuifua kanga ile upesi kabla hajaonekana.

Maji yakafunguka, akatoka zimwi. Sauti yake ilikuwa laini, sauti ya babu mwenye huruma.

"Pole, mjukuu wangu. Unakufa."

Akamwambia dawa anayo yeye peke yake. Akamwambia tena kwamba ugonjwa ule huambukiza kwa masikio: atakayesikia habari zake, naye atavuja damu mpaka afe.

"Unampenda mama yako? Unampenda mdogo wako? Basi usiseme, usiseme, usiseme."

Malipo ya dawa yalikuwa kicheko. Mboni akakitoa. Kikamponyoka kama kifaranga, kikaingia kinywani mwa zimwi, na zimwi akanenepa hapo hapo.

Baada ya siku chache damu ikakoma. Mboni akaamini amepona kwa dawa ya zimwi. Mnauona ujanja huo? Damu ile ingekoma yenyewe. Zimwi alimuuzia mtoto jua la mchana.

Mwezi mwingine ukaandama, damu ikarudi. Mboni akarudi mtoni.

"Pole, mjukuu wangu. Unakufa," zimwi akasema, na safari hii akataka wimbo. Mboni akautoa. "Usiseme, usiseme, usiseme."

Basi Mboni akawa anatwanga kimya. Vitambaa vyake alivificha uvunguni vikiwa vibichi, vikavunda, vikamwasha. Zamani alilala kitanda kimoja na Chiku. Sasa alitandika mkeka jikoni, akalala peke yake, asije akaropoka usingizini mdogo wake akasikia. Chiku alilia, akadhani amechukiwa. Mboni akamwacha alie, kwa kuwa alimpenda.

Mwezi wa tatu zimwi akatoka akiwa mkubwa kama nyumba.

"Pole, mjukuu wangu. Unakufa. Na dawa iliyobaki iko kwangu, chini ya maji. Njoo kesho asubuhi, ukae huko. Usiseme, usiseme, usiseme."

Mboni akarudi nyumbani. Akatwanga mtama wa kutosha siku nyingi ili mama yake asipate taabu. Akavua shanga zake za shingoni, akamvisha Chiku.

Siwema aliyaona yote hayo. Mtu hagawi shanga zake kama hana safari. Akamtazama mwanawe usoni, na sura ile aliijua. Akataka kumuuliza, ulimi ukagoma, ule ulimi uliofundishwa aibu. Basi akajitanda kanga, akavuka ua, akasimama mlangoni kwa mtu ambaye alikuwa hamsalimii.

"Bi Mwaka, kinu nilikipasua mimi. Njoo umtazame mwanao."

Bi Mwaka hakusema neno juu ya kinu. Alivaa viatu.

Akakaa na Mboni chumbani. Akamuuliza mara ya kwanza, Mboni akaziba kinywa. Akamuuliza mara ya pili, Mboni akatikisa kichwa. Akamuuliza mara ya tatu, Mboni akaangua kilio.

"Somo, nikikwambia utakufa."

"Basi niambie nife. Chumvi nimekwisha kula ya kutosha."

Mboni akasema yote, tangu kanga mpaka shanga. Bi Mwaka alisikiliza hadi mwisho, wala hakucheka.

"Mwanangu, ugonjwa huo ninao tangu hujazaliwa. Mama yako anao. Bibi yako alikuwa nao mpaka uzee ukamwondolea. Kama ungekuwa unaua, wewe ungezaliwa na nani? Umevunja ungo, mwanangu. Umekua."

"Kwa hiyo sifi?"

"Utakufa siku yako, kama sisi sote. Si kwa hili."

Siwema alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Aliyasikia yote, akajitokeza, naye pia akabaki mzima.

Bi Mwaka akamfunda Mboni. Akamwonyesha namna ya kukunja sodo ya kitambaa laini, kuibadilisha kabla haijalowa, kuifua kwa sabuni na kuianika juani, si uvunguni. Tumbo likikata, anywe maji ya moto yenye tangawizi. Akipata hamu ya kulia, alie, siku hizo machozi huwa karibu.

Asubuhi Bi Mwaka akawapitia wanawake nyumba kwa nyumba. Wakaenda mtoni pamoja na Mboni na mama yake, kila mmoja na nguo zake za siku hizo, wakazifua, wakafunga kamba kutoka mti hadi mti, wakazianika. Zimwi akatoka.

"Pole, mjukuu wangu. Unakufa. Njoo."

Mboni akasogea mbele ya wanawake. Alisema mwenyewe, hakusemewa.

"Nimesema. Nimesema kwa somo wangu, mzima. Nimesema mama akasikia, mzima. Na sasa nasema mbele ya wote: natoka damu, na mimi ni mzima."

Zimwi akanguruma kwamba atakitangazia kijiji kizima.

"Tangaza," akasema Bi Mwaka, "ila upaze sauti. Sikio langu moja ni zito."

Wanawake wakacheka. Kicheko kile kikamkaba zimwi kooni, akakohoa. Ukatoka wimbo wa Mboni. Kikatoka kicheko cha Mboni. Kisha vikatoka vicheko vingine, vya miaka na miaka, kila kimoja kikimtafuta mwenyewe. Zimwi akapungua, akapungua, akapungua, akawa kama kiluwiluwi. Maji yakamchukua.

Kicheko kimoja kikongwe kilibaki kinazunguka. Kikapita huku, kikapita kule, kikamwingia Siwema. Siwema akaziba kinywa kwa kanga, lakini hakikuzibika. Akacheka mpaka akakaa chini. Mboni hakuwahi kusikia mama yake akicheka.

"Mama, hata wewe?"

"Hata mimi. Nilikuwa na umri wako. Nilimpa kicheko, nikaogopa kurudi, nikanyamaza mpaka leo." Hapo kicheko kikageuka kilio. "Ningesema, usingekuja hapa peke yako."

Jioni ile Siwema alimwita Chiku, ambaye siku yake ilikuwa bado mbali. Akamkalisha mapajani, akamwambia yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Usiku Mboni akarudi kitandani kwa mdogo wake. Kinu kina ufa wake hadi leo, na kinatwanga.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye kamba ile, na nguo zimekauka. Mtoto aambiwe mapema na walio wake. Asipoambiwa na mama ataambiwa na zimwi, na zimwi hasemi bure.