Mwanamke Aliyejivusha Mto

Mwanamke mmoja, jina lake Nyamizi, alikuwa na shamba ng'ambo ya mto, na hakuwahi kulilima. Aliachiwa na baba yake. Udongo wake ulikuwa mweusi, wa kumea mtama bila kubembelezwa. Lakini mto ule ndio uliomchukua kaka yake mwaka wa mafuriko, Nyamizi akiwa msichana amesimama ukingoni anaona, na tangu siku hiyo hakutia mguu majini. Akawa analima upande wa huku, kwenye mteremko wa mawe. Alivuna haba, na watoto wake walizoea uji mwepesi.

Si kwamba hakutaka kuvuka. Kila msimu alifika kivukoni na jembe begani, na kila msimu alijiambia: "Mwoga wewe. Utateleza. Utakufa kama ndugu yako." Kisha akarudi nyumbani. Hapakuwa na mtu mwingine aliyemwambia maneno hayo.

Mwaka mmoja, mvua zilipokaribia, jirani yake Kabula alimwendea. "Shamba linaota vichaka, dada. Usipolima safari hii wazee wa ukoo watampa mwingine. Nimewasikia kwa masikio yangu."

Kulipokucha Nyamizi alimpakia punda wake mbegu zote alizokuwa nazo, akashuka naye mtoni. Maji yalikuwa ya magotini, mawe ya chini yanaonekana. Punda akagoma. Alilaza masikio, akawa anatetemeka. Nyamizi hakumchapa. Alimpapasa shingo akamnong'oneza, "Taratibu, mama. Najua unaogopa. Weka mguu mmoja tu. Mbona mteremko wetu wa mawe huwa unaupanda?" Punda akanusa maji, akaingia. Kamba ikamponyoka Nyamizi mkononi, mnyama akavuka peke yake na mbegu mgongoni, akaanza kula majani ng'ambo kana kwamba hapakuwa na neno.

Nyamizi akabaki ukingoni, na mbegu zote ziko kule. Lile neno lake la zamani likampanda kooni: Mwoga wewe. Ndipo aliposhtuka. Yeye amembembeleza mnyama, na nafsi yake anaitukana! Punda yule angeambiwa kwamba atakufa, angevuka?

Akaweka kiganja shingoni mwake mwenyewe, akasema kwa sauti, bila kujali nani anasikia: "Taratibu, Nyamizi. Najua unaogopa. Ulimlilia kaka yako, ukalea watoto juu ya mawe, na bado umesimama. Weka mguu mmoja tu."

Akauweka. Maji yalikuwa baridi. Hofu haikumwacha, iliingia naye mtoni. Katikati aliteleza akapiga goti, maji yakamfika kiunoni, na kwa kitambo hakuona kitu ila uso wa kaka yake. "Umeteleza, hujafa," akajiambia. "Simama." Akasimama. Aliendelea kujisemesha hivyo hivyo, hatua kwa hatua, hadi nyasi zikamgusa miguu.

Aliketi chini nguo zikimchuruzika, akalia, kisha akajikuta anacheka. Pumzi ndefu ikamtoka, kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akainuka, akaanza kufyeka.

Mchana Kabula alimwona kutoka upande wa pili, akapaza sauti: "Nani kakuvusha, dada?"

"Nyamizi!" akajibu. "Kumbe alikuwa anangoja kuambiwa vizuri tu."

Mwaka ule mtama ulikubali, na watoto wakala ugali wakasaza. Wala msidhani moyo wake uliacha kudunda kila alipofika kivukoni. Ulidunda, akausemesha, akavuka.

Basi wewe unayejua kumtuliza mtoto wa jirani akilia, asubuhi ya leo nafsi yako uliiamkia kwa neno gani?