Kitabu cha Kisima na Kitabu cha Njaa

Paukwa!
Pakawa!
Mmekaa?
Tumekaa.
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo.
Basi nikiimba niitikieni, nikinyamaza nyamazeni.

Hapo kale, kale ya kweli, kabla ya babu wa babu zenu, palikuwa na kijiji, na katika kijiji kile palikuwa na nyumba ya vitabu. Haikuwa ya jumbe. Haikuwa ya tajiri. Watu waliijenga pamoja: hawa walikata miti, hawa walikanda udongo, hawa waliezeka. Aliyejua kuandika aliandika aliyoyaona, akaleta. Asiyejua kusoma alinawa mikono, akakaa mkekani, akasema, "Nisomeeni."

Msomaji alikuwa Bi Mize, mama mnene mwenye sauti ya kufika uani. Kabla hajafungua kitabu watu walimwimbia. Itikieni.

Soma, Mize. Tusikie.
Cha utamu. Tusikie.
Cha uchungu. Tusikie.

Katika waliosomewa alikuwamo Mzee Kitogo, mkulima wa mtama. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Kila alasiri alikuja na mkongojo, ko, ko, ko, akakaa karibu na mlango. Mara nyingi alisinzia, akaamka, akasema, "Mize, rudi nyuma kidogo," na watu wakacheka. Hakuwa msemaji. Mashauri yakimshinda mtu, alikwenda kwake, na Kitogo alimsikiliza mpaka mwisho. Hiyo ndiyo hekima aliyojulikana nayo wakati huo.

Basi kijiji kikapata jumbe mpya, Jumbe Sambuya. Kijana, hodari, mpenda sifa. Siku moja akaambiwa kwamba katika nyumba ile kuna Kitabu cha Kisima. Kitabu kile kilieleza jinsi babu yake alivyofika na kiu, akapewa maji na wenye kisima, akapewa na mahali pa kulala. Alipopata nguvu akawafukuza wenye kisima, wakaenda zao na watoto wao mgongoni. Jumbe hakupenda. Yeye alizoea kuwaambia watu kwamba kisima kile babu yake alikichimba kwa mikono yake.

Asubuhi baragumu likalia. Puu, puu, puu. Mpiga baragumu akatangaza: "Jumbe anasema, Kitabu cha Kisima ni uwongo. Kesho kitatolewa, kitachomwa mbele ya boma."

Watu walisikia, wakaendelea na kazi zao. Wengine walisema, "Kitabu kimoja tu." Bi Mize akafunga mlango, akaenda kwa Mzee Kitogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimelisikia baragumu."

"Nifanye nini? Nikikificha watanipiga. Nikikitoa, kesho watataka kingine."

Kitogo akafikiri. "Nyumba ile uliijenga wewe?"

"Tuliijenga sote."

"Basi usikae nayo peke yako. Waite wanaosomewa."

Bi Mize akapita nyumba hadi nyumba, hodi, hodi, hodi. Kulipokucha wakaja. Wakaja wakunga, wakaja wahunzi, wakaja wanawake na mimba zao. Bibi wazee wakakaa mkekani, wakanyoosha miguu, mguu huu kando ya mguu huu, kutoka mlangoni mpaka kwenye mbao za vitabu. Mzee Kitogo akakaa kizingitini.

Askari wa jumbe wakaja. Tapu, tapu, tapu. Mkubwa wao akasema, "Mzee, tupishe."

"Nimekaa kusomewa, baba."

"Utasomewa kesho."

"Hicho ninachokitaka kesho hakitakuwapo."

Askari wakachungulia ndani. Ili kufika kwenye vitabu ilibidi wawaruke wale bibi, na katika kijiji kile kumruka mtu mzima aliyekaa ni tusi kubwa. Tena mmoja wao alimwona mama yake mzazi amenyoosha miguu hapo katikati, anamtazama. Askari yule akarudi nyuma. Wenzake nao wakarudi nyuma. Ndani watu wakaimba.

Soma, Mize. Tusikie.
Cha utamu. Tusikie.
Cha uchungu. Tusikie.

Ndipo Jumbe Sambuya akaja mwenyewe. Hakupiga kelele. Akasimama mbele ya Kitogo, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia.

"Mzee wangu, unapenda vitabu vyote vibaki?"

"Vyote."

"Na Kitabu cha Njaa?"

Bi Mize aliposikia hivyo akainamisha kichwa. Kitabu kile alikijua, na hakuwahi kukisoma Kitogo akiwapo.

"Kisome," jumbe akamwambia. "Si mnataka cha uchungu?"

Bi Mize akakisoma. Kitabu kilisema kwamba mwaka wa njaa kubwa, mtu aitwaye Mwinyimvua alichimba shimo chini ya zizi lake la mbuzi, akaficha mtama. Majirani walikuja kuomba kwa ajili ya watoto wao. Aliwaambia hana kitu. Watoto wakafa, na mvua iliponyesha mtama ulikuwa bado umo shimoni.

Mwinyimvua alikuwa baba yake Kitogo.

Mkongojo ulimponyoka mzee mkononi, na hakuuokota.

Jumbe akainama karibu naye. Safari hii sauti yake ilikuwa ya upole. "Unaona, mzee? Mimi na wewe tuko sawa. Tuvitoe vyote viwili, changu na chako. Moto mmoja. Wajukuu zangu hawatajua, na wako hawatajua."

Watu walitazama chini. Wapo waliotamani akubali, kwa kumwonea huruma.

Kitogo akasema, "Nilipokuwa mdogo, siku ya sikukuu watu walikula nyumba hii, wakaenda wakala nyumba ile. Kwetu walipita, hawakuingia. Nilimuuliza mama sababu, akanipiga kofi. Sikuuliza tena." Akapangusa uso. "Mtama ule mimi niliula. Mize, rudia. Na safari hii usiyaruke majina. Lazima watoto wale walikuwa na majina."

"Yapo," akasema Bi Mize. "Niliyaruka kwa ajili yako, mzee."

"Yasome."

Bi Mize akasoma polepole. "Fungo, mtoto wa Lukwele. Mashavu, mtoto wa Nyange. Sengo, mtoto wa Mwanamize."

Katikati ya mkeka bibi mmoja akainua mkono. Alikuwa Bi Siwema, mfinyanzi, mtu asiyependa kuzungumza mbele za watu.

"Huyo Sengo ni kaka yangu, na Mwanamize ndiye mama yetu," akasema. "Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama. Mama alinitajia jina lake mara chache, kisha analia. Tangu mama afe sijamsikia mtu akilitaja. Nilidhani nimebaki nalo peke yangu."

Akamwambia Bi Mize, "Lisome tena."

Bi Mize akalisoma tena. Sengo, mtoto wa Mwanamize.

Mzee Kitogo akageuza uso kuelekea sauti ya jumbe. "Umesikia, bwana wangu. Tukikichoma hiki ili mimi nisione aibu, mtoto wa watu atakaa wapi? Hapa tu ndipo alipobaki. Cha baba yangu hakitoki. Na cha babu yako hakitoki, kwa sababu waliofukuzwa kisimani nao ni watoto wa watu."

Jumbe Sambuya akawatazama askari wake. Yule mwenye mama mkekani alikuwa ameketi chini, anasikiliza. Jumbe akageuka, akaenda zake. Hakuomba radhi, wala hakuingia nyumba ile maisha yake yote. Lakini baragumu kuhusu vitabu halikulia tena.

Watu walipotawanyika, Kitogo alibaki kizingitini, anapapasa chini kuutafuta mkongojo wake. Bi Siwema akatoka. Akasimama mbele yake kitambo, kama mtu anayeshindana na nafsi yake.

"Njia ina mawe," akasema. "Nipe mkono nikufikishe."

Wakaenda polepole.

Ndiyo maana wazee wetu walimkumbuka Kitogo. Na funzo lake ni hili: mtu akitaka kitabu kiondolewe, muulizeni kwanza ni akina nani waliomo ndani. Na kama aliyemo ni baba yako, kaa usikilize mpaka mwisho.

Hadithi yangu imefika hapo, nami nimefika nayo. Atakayeisimulia aisimulie yote.